Hesabuni Mafundi: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Makumbusho ya Taifa

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti na ndugu Wajumbe,

YAH: MAFUNDI WA KIJIJI CHA MAKUMBUSHO, KIJITONYAMA

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mpwapwa, mkazi wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Sina cheo katika mambo ya malikale, wala siandiki kumshitaki mtumishi yeyote. Wanafunzi wangu walipokelewa vizuri Kijitonyama kila tulipokwenda, na waliuliza maswali ambayo darasani hawakuwahi kuyauliza.

Naandika kwa hoja moja. Kijiji cha Makumbusho kinajulikana kwa nyumba zake. Naomba kuanzia sasa kihesabiwe kwa mafundi wake. Kwamba nyumba ya udongo na nyasi ina umri mfupi, hilo sote tunalijua. Tusiloliangalia ni kwamba anayejua kuijenga naye anazeeka, na siku akiondoka hakuna bajeti itakayomrudisha. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hofu yangu ni siku ambayo ukuta utahitaji kujengwa na asipatikane anayeujua.

Nianze tulikotoka. Kijiji kilifungua milango mwaka 1967, mwaka uleule lilipotangazwa Azimio la Arusha. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao 270,000, na wengi wao walikuwa na shamba na ndugu walikotoka. Mtu wa Magomeni aliyekwenda kutazama tembe ya Wagogo au nyumba ya Wazaramo alikuwa akitazama nyumba alimozaliwa yeye, au alimozaliwa mpangaji wa chumba cha pili. Angeweza kumsahihisha mwongozaji. Sensa ya 2022 ililihesabia jiji hili watu 5,383,728. Mtoto wa Mbagala au wa Tegeta leo anaijua tembe kwa picha ya kitabu, kama anaijua. Jina la Makumbusho analisikia kila siku kwa makondakta, maana limekuwa jina la stendi ya daladala na la kata nzima. Lakini wengi wanaoshuka pale hupita nje ya ua wenu wakiwahi shughuli zao, na hakuna kinachowaita waingie.

Waliokianzisha Kijiji walifanya jambo la ujasiri. Nchi ilikuwa changa, ina makabila zaidi ya 120, na uongozi wake uliuogopa ukabila kwa haki kabisa. Ingekuwa rahisi kuyafunika yote hayo kwa bendera na Kiswahili. Badala yake walizipanga nyumba za makabila katika uwanja mmoja: msonge wa Wahaya, tembe za Wagogo na Wahehe, nyumba za Wachaga, Wairaqw, Wanyakyusa, Wazaramo na wengineo, bila ya moja kuwekwa juu ya nyingine. Wakaonyesha kwamba unaweza kulitaja kabila la mtu kwa heshima, ukamwonyesha alivyolala na alivyopika babu yake, na taifa lisipasuke. Somo hilo sikuwahi kuliona likifundishwa vizuri zaidi kwa ubao na chaki.

Sasa tuzitazame nyumba zenyewe, maana hoja yangu imo ndani yake.

Tembe naijua tangu utotoni. Mtu wa kupita huona sanduku la udongo lenye paa bapa. Fundi huona nguzo zenye panda zilizochaguliwa moja moja, mihimili iliyolazwa juu ya panda hizo, fito juu ya mihimili, majani juu ya fito, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa paa. Uzito wote huo hubebwa na nguzo. Ukuta wa fito na udongo kazi yake ni kukinga. Anayechagua nguzo mbovu anawalaza watoto wake chini ya tani za udongo. Paa lenyewe ni uwanja wa kuanikia mboga na nafaka. Kiangazi kikilipasua, huongezewa udongo kabla mvua hazijafika. Nyumba huuzunguka ua, na mifugo hulala humo, mbali na fisi na wezi.

Msonge ni elimu nyingine kabisa. Paa na ukuta ni kitu kimoja. Nyasi hushuka kutoka kileleni hadi ardhini, juu ya mbavu za fito na matete zilizofungwa pete kwa pete. Hapo hakuna kona ya kuanzia kupima. Fundi hupima kwa hatua, kwa kamba na kwa jicho, na akikosea mduara wa chini, kilele chote kitamwambia. Nyumba ya Wachaga nayo huvikwa nyasi mpaka chini, na ndani yake watu, ng'ombe na moto vimegawana nafasi kwa utaratibu unaoeleweka mlimani kwenye baridi. Wairaqw wa nyanda za Mbulu walichimba wakazizika nyumba zao ubavuni mwa kilima, hata paa likawa sawa na ardhi na adui akapita bila kuziona. Wanyakyusa waligeuza mianzi kuwa ukuta nadhifu kiasi cha kuwashangaza wageni wa karne ya 19. Wazaramo waliijua boriti ya mkoko, fito, udongo wa kukandika na makuti ya kusuka, vitu ambavyo pwani ilivitoa karibu na mlango.

Kila moja ya nyumba hizo ni jibu la mahali pake. Ndiyo maana kuzihamishia zote Kijitonyama kulikuwa ni kuzipa mtihani. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka; Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, na nyingi humwagika katika miezi michache ya masika. Paa la udongo lililotungwa kwa ajili ya nchi kavu linanyeshewa mvua ambayo waliolibuni hawakuwahi kuiona. Mchwa wa pwani hawaulizi nguzo imetoka wapi. Na kuna jambo ambalo wenye nyumba za nyasi wanalijua vizuri: moshi wa jikoni ndio uliolinda paa. Ulikausha nyasi, ukafukuza wadudu, ukazipaka fito masizi yaliyozikinga. Nyumba ambayo haina anayepika ndani yake huoza upesi. Kijiji chenu, kwa jinsi kilivyo, ni kijiji ambacho moto hauwaki kila jioni.

Wazo la kukusanya nyumba za mashambani katika uwanja wa wazi ni la Skansen, Stockholm, lililoanza mwaka 1891. Lakini Waswidi walikuwa na nyumba za magogo. Gogo hung'olewa, likatiwa namba, likasafirishwa na kupangwa upya, na nyumba ikabaki ileile. Ukuta wa udongo hausafirishwi. Msonge ukifumuliwa unabaki mzigo wa majani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Kijitonyama haikupokea nyumba; ilipokea watu waliokuja kujenga. Kitu kilichosafiri kutoka Kagera au Dodoma hadi pwani kilikuwa kichwani na mikononi mwa fundi. Tulichoweka uwanjani ni alama ya kazi yake, na alama hiyo lazima iandikwe upya kila baada ya miaka michache. Kama aliyeiandika hakuacha mwanafunzi, anayekuja baadaye atakuwa anakisia.

Hapo naomba tusemane ukweli. Tunazungumza sana, na kwa haki, juu ya vitu vyetu vilivyoko Ulaya. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa pale Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mpaka leo umati unaitazama Berlin. Walichukua mikuki, ngoma, viti vya machifu, hata mafuvu ya watu, na madai ya kuvirudisha lazima yaendelee. Lakini hakuna aliyebeba msonge. Hakuna meli iliyoondoka bandarini na ufundi wa kusawazisha paa la tembe. Katika jambo hili hatuna wa kumdai. Kilichobaki kipo mikononi mwetu, na kikipotea kitakuwa kimepotelea mikononi mwetu.

Tena tuna historia yetu wenyewe ya kusimulia. Miaka michache tu baada ya Kijiji kufunguliwa, Serikali ilianza kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Dodoma ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na Novemba 1973 ikatangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Mamilioni walihama. Kaya za Wagogo zilizokuwa zimetawanyika, kila tembe na mashamba yake na malisho yake, zilipangwa kwa mistari, na watu wakahimizwa kujenga nyumba bora. Mkono mmoja wa Serikali uliitunza tembe Kijitonyama, mkono wa pili ukawaambia wenye tembe waiache. Sisemi hivi kuwalaumu waliotutangulia. Walitaka shule, zahanati na maji ya bomba viwafikie watu, na mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote siwezi kuibeza shule. Nasema kwa sababu mtoto anayeuliza “Kwa nini hawajengi hivi tena?” anastahili jibu kamili, na jibu hilo lina tarehe, amri na bati. Pale kwenye tembe ndipo pa kulitolea.

Ndugu Wajumbe, mtu anaweza kuniambia: mafundi wa asili wanakwisha kwa sababu dunia imebadilika, na Makumbusho hayawezi kuizuia dunia. Naomba mnifuate hadi Kunduchi, Bagamoyo, au Nungwi kule Unguja. Hoteli za kitalii kandokando ya bahari zimeezekwa makuti. Kwa hiyo wasukaji wa makuti wapo, wanaezeka kwa mkataba na wanawafundisha vijana, kwa kuwa kazi inalipa. Makuti hayakuokolewa na hotuba wala na kongamano. Yameokolewa na mteja. Fundi wa msonge, fundi wa tembe, fundi wa nyumba ya chini ya ardhi ya Wairaqw hawana hoteli inayowaita. Mteja wao aliyebaki, mwenye sababu ya kuwaita mwaka huu na mwaka ujao na kuwalipa, ni Makumbusho ya Taifa. Mkinunua kazi yao kwa ratiba inayojulikana, kijana wa Bukoba atakuwa na sababu ya kumsogelea mzee na kumwambia, “Babu, nifundishe.” Msiponunua, hatakuwa nayo, na hatutamlaumu.

Majirani wamekwisha kutuonyesha maana ya kuwa na mafundi hai. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yaliungua. Jengo lile kubwa la nyasi lilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na moto ulilimaliza. Fedha na wataalamu walitoka pande nyingi, lakini kuliezeka upya kulihitaji watu ambao kazi hiyo ni yao kwa mila, watu wa ukoo wa Ngeye. Ilichukua miaka, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kama ukoo ule ungekuwa umesahau kuezeka, wangekuwa na picha, vipimo na fedha, na bado wasiwe na Kasubi. Kule Djenné, Mali, msikiti mkuu wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 umesimama kwa sababu mji mzima hutoka kila mwaka kuukandika, wakiongozwa na chama cha waashi wa mji. Sherehe ile ndiyo matengenezo, na matengenezo ndiyo shule ya vijana.

Nyumbani pia tuna mfano. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement yamezungukwa na wenye utamaduni wenyewe, na kila Juni vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana katika sikukuu ya Bulabo. Ushindani ule umefanya kile ambacho kabati la kioo lisingeweza kufanya: umewalazimisha vijana kufanya mazoezi.

Kwa hiyo naomba Bodi, kwa mamlaka mliyopewa na Sheria Na. 7 ya 1980, ifikirie mambo haya matano.

Kwanza, fungueni daftari la mafundi. Kila nyumba ya Kijiji iwe na ukurasa: nani aliijenga, anatoka kijiji gani, alifundishwa na nani, amemfundisha nani, na yuko hai au la. Majina hayo, kwa ridhaa yao, yaandikwe kwenye kibao cha nyumba. Tunaandika jina la mchoraji chini ya picha yake. Mwezekaji naye apewe haki hiyo. Na wanawake wasisahauliwe katika daftari hilo. Kwa Wamasai nyumba hujengwa na wanawake. Katika makabila mengine mengi wao ndio waliokandika kuta, wakapaka sakafu kwa samadi ya ng'ombe, wakajua udongo upi unapasuka na upi unashika. Mtafiti akiuliza tu, “Nani fundi?”, ataonyeshwa mzee wa kiume aliyekaa kwenye kigoda, na nusu ya ujuzi itabaki jikoni bila kuandikwa.

Pili, jengeni hadharani na kwa kalenda. Mara nyingi kazi ya ukarabati hufanywa kama jambo la aibu, nyuma ya uzio, wageni wakiambiwa warudi ikiisha. Nyie fanyeni kinyume. Chagueni nyumba moja kila mwaka, itengenezwe katika miezi ya ukavu kuanzia Juni, na tangazeni mapema kama mnavyotangaza tamasha. Wiki ya kusimika nguzo, wiki ya kufunga fito, wiki ya kuezeka, wiki ya kukandika. Waambieni walimu tarehe zake. Mtoto aliyeona nyumba iliyokamilika hukumbuka sura yake. Mtoto aliyekanyaga udongo kwa miguu yake na kupitisha fito hukumbuka jinsi inavyosimama. Ninyi wenyewe mna jukwaa tayari: Siku ya Utamaduni wa Mtanzania, ambayo Kijiji kimekuwa kikiifanya tangu 1994. Ngoma na vyakula vya siku hiyo vimewafurahisha wengi. Ongezeni mashindano ya kuezeka, ya kusuka makuti, ya kufunga fito bila msumari, kwa mfano wa Bulabo. Nawahakikishieni watu watashangilia.

Tatu, kila fundi aje na wanagenzi na wote walipwe. Wawili watoke kijijini kwake, wawili watoke mjini. Mitaala mipya imefungua mkondo wa amali katika sekondari, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikipima na kutoa vyeti kwa watu waliojifunza kazi mitaani bila kupita chuoni. Seremala na mwashi wamenufaika. Sioni kwa nini mwezekaji wa msonge asipimwe na wazee wa fani yake na kupewa cheti kama wao. Nasisitiza malipo. Mara nyingi mzee wa kijijini huitwa “mdau wa utamaduni”, akapewa nauli, soda na kofia, wakati mkandarasi wa ukumbi wa mkutano analipwa kwa ankara. Fundi alipwe ankara.

Nne, tafuteni malighafi kwa njia halali na ya kudumu. Boriti za mkoko haziwezi kukatwa ovyo. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na ni sawa iwe hivyo. Nyasi za kuezekea zimekuwa adimu penye kilimo na malisho. Lakini Wakala wa Huduma za Misitu na Makumbusho ya Taifa mko chini ya Wizara moja ya Maliasili na Utalii. Kupatana juu ya nguzo kadhaa kwa mwaka, shamba dogo la mianzi na eneo la kuvuna nyasi hakuhitaji mkutano wa kimataifa. Pale ambapo malighafi ya asili haipatikani, badilisheni, ila semeni wazi kwenye kibao. Naelewa dawa ya mchwa na naikubali. Naogopa zaidi msumari, maana kila unapoingia, fundo la kamba linaacha kufundishwa. Naogopa pia bati lililofichwa chini ya makuti, kwa kuwa linamfundisha mtoto kwamba makuti ni urembo.

Tano, wekeni kumbukumbu ambayo mtu anaweza kuijengea nyumba. Picha ya nyumba iliyokamilika haitoshi. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi wapo jiji hilihili. Wapime na kuchora kila hatua, siyo matokeo pekee. Fundi arekodiwe akieleza kwa lugha ya kwao, kisha maelezo yatafsiriwe kwa Kiswahili, kwa sababu maelekezo mengi ya kazi yamo katika majina ya sehemu za nyumba na ya miti. Arekodiwe hata anapokosea na kurekebisha, kwani kurekebisha ndiko kunakomtofautisha fundi na mwanafunzi. Kumbukumbu hizo ziwe wazi kwa shule, vyuo na jamii husika, na nakala irudi kijijini alikotoka fundi.

Kuhusu moto wa jikoni niliokwisha kuutaja, nautaja tena kama swali kwa wataalamu wenu. Kasubi imetufundisha moto unaweza kufanya nini kwa jengo la nyasi. Lakini je, haiwezekani nyumba mbili tatu zikawa na mlezi anayekoka moto kwa ratiba, maji na mchanga vikiwa karibu, wageni wakinusa moshi na kuelewa kwa nini paa la bibi lilidumu?

Najua mtaniambia fedha hazitoshi. Naamini. Ndiyo maana siombi jengo jipya, wala mfumo wa kioo na taa. Fedha ambayo kwa vyovyote itatumika kukarabati nyumba ileile ikatumike kwa namna itakayoacha watu wanne wanaojua kuijenga. Gharama inaongezeka kidogo. Faida inabadilika kabisa. Na wageni wanaolipa kiingilio watakuwa na sababu ya kurudi, kwa maana mwaka jana walikuta Wahaya wakiezeka na mwaka huu watakuta Wairaqw wakichimba. Nyumba iliyokwisha kujengwa unaitazama mara moja.

Najua pia wapo watakaoniona mzee anayetaka watu warudi kwenye tembe. Hapana. Ndugu zangu wa Mpwapwa wana haki ya bati, saruji na umeme kama mtu wa Masaki. Lakini yeyote aliyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana Dodoma anajua kwamba kuna swali ambalo tembe ililijibu na bati halijalijibu. Wasanifu wetu wanaofikiria nyumba za bei nafuu zenye ubaridi wa asili wangefaidika kumkuta fundi wa udongo akiwa hai kuliko kumsoma. Hatuhifadhi ujuzi ili wote tuutumie leo. Tunauhifadhi ili atakayeuhitaji asianze upya.

Mwisho, naomba jambo moja dogo linaloweza kufanyika bila kusubiri bajeti mpya. Katika taarifa yenu ya mwaka ijayo, pamoja na idadi ya wageni na mapato, wekeni jedwali lenye safu mbili. Ya kwanza iorodheshe nyumba za Kijiji. Ya pili iseme, kwa kila nyumba, ni watu wangapi mnaowafahamu kwa majina ambao wanaweza kuijenga kuanzia nguzo ya kwanza hadi paa. Mkikuta sifuri mahali popote, hiyo ndiyo nyumba ya kuanza nayo, na iwe katika kiangazi cha kwanza kitakachofuata. Mimi najitolea kuwaleta walimu wenzangu na watoto kukanyaga udongo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mpwapwa